Anikeni Juani: Miaka Yangu Mitatu na Kopo la Maswali

Nimestaafu. Nina miaka kumi na nane na nimestaafu kazi. Mwenye kucheka acheke sasa amalize, maana nina mengi ya kusema na kwa kawaida mimi sisemi. Wanaonijua hosteli wananiita Bubu. Hilo ndilo lililonipa kazi. Walipotafuta msichana wa kutunza kopo la maswali ya afya, Matroni alisema, "Mpeni Bubu, huyo hata akitaka kusengenya hawezi." Nikalitunza tangu kidato cha pili mpaka wiki hii, na ninyi wadogo zangu mtakaolipokea, haya ni maneno yangu. Nimeyatoa kwenye daftari langu la siri, kwa hiyo msitegemee mpangilio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Msichana ana swali ambalo hawezi kumuuliza mtu uso kwa uso. Analiandika, analitumbukiza kwenye kopo. Mimi nafungua, nasoma, nampelekea Sista Tusajigwe, muuguzi wa kituo cha afya anayekuja shuleni kila baada ya wiki mbili. Yeye anajibu, mimi naandika jibu kwa herufi kubwa na kulibandika nyuma ya mlango wa bafu. Hakuna jina la mtu. Anayehusika analisoma huku anaoga, na wasiohusika wanajifunza bila kukusudia.

Mwanzoni kopo liliwekwa mlangoni kwa Matroni. Kwa miezi miwili tulipata karatasi moja tu. Iliandikwa: SHIKAMOO.

Nikalihamishia njia ya chooni. Hapo napo pakawa na tabu, kwa sababu ni kopo la biskuti la bati, limetoka upande wa Zambia, na karatasi ikidondoka inalia *ta!* Hosteli nzima inageuza shingo kujua nani ana ugonjwa. Nikatandika kipande cha blanketi chini. Likanyamaza kama mimi. Kateni karatasi wenyewe, zote za ukubwa mmoja, na mfunge penseli kwa uzi pembeni, maana kila mtu akitumia daftari lake mtamjua kwa mistari. Na mfundisheni mtu kuandika kwa mkono asiouzoea. Ndiyo, mwandiko unakuwa wa kuku. Mtazoea kusoma kuku.

Sista Tusajigwe ndiye aliyenifundisha uso. Mara ya kwanza nilipomsomea karatasi niliona haya mpaka nikameza neno. Akasema, "Wewe mtoto, uso wako uwe kama ukuta wa choo. Umeyaona yote na hujawahi kushtuka." Kisha akanilazimisha kuliandika lile neno. Uke. Mara ya kwanza nililiandika kwa penseli, ili nikibanwa niweze kulifuta. Sasa naliandika kwa wino: uke, uke, uke. Dunia haijaanguka, na malori bado yamepanga foleni hapa Tunduma kuvuka mpaka kwenda Nakonde kama kawaida.

Swali lililokuja mara nyingi kuliko yote lilikuwa la kutokwa na kitu ukeni. Nadhani karatasi nne kwa kila tano. Wengi waliandika "nina rafiki yangu." Sista alikuwa anasema, "Shule hii ina marafiki wagonjwa, jamani, wenyewe wote wazima!"

Kuna rafiki wa mtu aliyetokwa na uchafu wa kijani-njano wenye povu, unanuka na unawasha. Sista hakuuliza ni nani. Alijibu: "Mwambie rafiki yako aje kituoni, na rafiki wa rafiki yako naye aje." Hapo bafuni walicheka, lakini ndiyo dawa yenyewe. Uchafu wa namna ile, au wa njano kama usaha, mkojo unachoma, tumbo la chini linauma, huenda ni ugonjwa wa zinaa, na ukitibiwa peke yako unarudishiwa na yule yule. Unatibika. Ila unaweza kukaa kimya mwilini bila kuonyesha chochote, na huo ukimya ndio unaoharibu mirija ya uzazi. Tumbo likiuma na homa juu, au una mimba, usingoje siku ya Sista. Nenda siku hiyo hiyo. Na kama mtu alikulazimisha, nenda hata haraka zaidi, ndani ya siku tatu kuna dawa za kukukinga na VVU na mimba, na kosa si lako. Nimeandika *si lako* na kupigia mstari mpaka karatasi imetoboka.

Wengine walikwenda duka la dawa, wakanunua vidonge vya mtu mmoja wakagawana wawili. Mmoja alikula vinne kwa sababu ni mnene. Sista alishika kichwa. "Mmelisha wadudu chakula cha mchana mkawanyima cha jioni! Watakufa vipi?" Msinunue kwa kukisia. Kila uchafu una dawa yake, na dozi ni ya mtu mmoja na inaishia mwisho wake. Hata dawa za kifua zinaweza kukuletea fangasi, maana haziulizi mdudu mzuri ni yupi na mbaya ni yupi, zinaua tu.

Na kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Wanafunzi hatuna kalamu nyekundu. Iliuliza kuhusu mtu wa makamo aliyekoma hedhi, anawashwa na kukauka. Sista alijibu kwa heshima kwamba hilo hutokea na lina dawa, ila aliyekoma hedhi akiona damu asisubiri hata wiki. Nililibandika jibu kama majibu mengine. Sijui karatasi ilikuwa ya nani, na sitaki kujua. Uso wa ukuta.

Lakini sikustaafu nikiwa na sifa tupu. Kosa langu ni hili, na nimelichelewesha kwa sababu bado linaniuma.

Nikiwa kidato cha tatu nilianza kujiona daktari. Muhula ule Sista alikwenda semina, akakosa kuja zamu mbili. Kwenye kopo kulikuwa na karatasi hii: NATOKWA NA UTE MWEUPE KIDOGO. HAUNUKI. HAUWASHI. JE NI UGONJWA?

Nikalijibu mwenyewe. Nilimjibu kama shangazi yangu, dada wa baba, alivyonifundisha kwetu nilipovunja ungo. Alinifungia ndani siku nzima na kuniambia, "Mwanamke safi anajiosha mpaka ndani. Kidole, maji ya vuguvugu, sabuni, chumvi kidogo. Asiyefanya hivyo hata mume atamkimbia." Kwetu ndivyo bibi alivyomfundisha yeye, na sikuwahi kusikia mtu akibisha. Nikaandika kwa herufi kubwa, nzuri kweli: JIOSHE MPAKA NDANI KWA SABUNI YA MCHE NA CHUMVI, ASUBUHI NA JIONI. Nikabandika mlangoni. Kwa kuwa watu waliniamini, hosteli nzima ikajiosha.

Baada ya wiki tatu kopo lilijaa. KUNAWASHA. KUNACHOMA. KUNANUKA KAMA SAMAKI.

Aliyeumia zaidi alikuwa Kabula, wa kidato cha pili. (Amesoma ukurasa huu na amesema jina lake libaki.) Kwao ni Wasukuma wafugaji, walihamia na ng'ombe bonde la Momba, ng'ambo ya Chitete kule barabara inapoishia kwenye matope. Harufu yake ilianza kusikika. Wa kitanda cha jirani akahamisha godoro. Ndoo yake ikatengwa. Na hapa Tunduma, msichana akinuka, maelezo yako tayari hata kabla hajaulizwa: madereva wa malori. "Ametoka na madereva." Mtoto ambaye hata njia ya kwenda kwenye foleni ya malori haijui!

Matroni alimwita baba yake kwa barua, afike Jumatatu. Ndani ya barua alisema mwenendo wa binti una mashaka. Kabula aliposikia alikaa sakafuni. "Dada, baba ana mtu anayenitaka kule, ana ng'ombe. Baba amesema nasoma mpaka atakaposikia neno. Neno lenyewe ndilo hili."

Sista alirudi Ijumaa kabla ya Jumatatu ya baba. Alisoma karatasi zote, akaenda bafuni, akasoma mlango. Akanirudia polepole.

"Nani kajibu hili?"

Nikainua kidole.

"Umeshawahi kuosha jicho kwa sabuni ya mche?"

"Hapana, Sista."

"Kwa nini?"

"Litachoma. Na linajisafisha lenyewe."

"Na uke vile vile unajisafisha wenyewe. Ule ute ndio ufagio wake! Mweupe au kama maji, hauna harufu mbaya, hauwashi, unaongezeka na kupungua kwa siku za mwezi. Huyu mtoto aliuliza kama ni mgonjwa, na alikuwa mzima. Wewe ndiye uliyempa ugonjwa. Mle ndani kuna vijidudu walinzi. Umewafagia walinzi kwa sabuni, wezi wameingia."

Kisha akaniuliza nguo zangu za ndani ninaanika wapi. Nikamwonyesha: chini ya kanga, nyuma ya kitanda. Sote tulifanya hivyo. Sheria ya hosteli ilikataza kuanika chupi nje, kwa sababu kamba ya nje inaonekana kutoka madarasa ya wavulana na kutoka barabarani. Na mnajua ukungu wa Tunduma, nguo inakaa siku tatu bado inalia. Sista akashika chupi yangu mwenyewe, mbele ya wenzangu, akaikamua. Maji yalitoka. "Na wewe kunawasha," akasema. Hakuuliza. Nilikuwa nawashwa wiki ya pili, uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando, na mimi ndiye nabandika majibu ya watu. Akasema kila anayewashwa afike kituoni Jumatatu.

Jumapili nilimfuata Kabula bombani. Nilitaka kwenda kwa Matroni kusema ukweli, lakini sheria ya kwanza ya kopo ni kwamba siri ya mtu si yako. Nikamwomba ruhusa. Alisugua soksi muda mrefu.

"Karatasi ile ilikuwa yangu," akasema. "Sema ya kwako, dada. Ya kwangu nitasema mwenyewe."

Jumatatu baba alifika kwa pikipiki, amejaa tope mpaka kifuani. Nyuma ya kiti alikuwa amezungusha kamba ndefu ya katani, mpya. Sikuhitaji kuelezwa. Tranka la Kabula lilikuwa limeshatolewa nje, na kamba ilikuja kulifunga.

Waliingia ofisini kwa Matroni: yeye, Kabula, na baba aliyekalia ukingo wa kiti kama anaogopa kukichafua. Mimi nilisimama mlangoni na kopo kifuani. Nikasogea hatua moja, kopo likagonga ukuta, *ta!* Wakageuka. Basi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo Matroni."

"Marahaba," baba akasema.

"Wewe unataka nini?" Matroni akasema. "Nimekuita?"

"Hapana, Matroni. Kabula hajatoka na dereva. Mimi ndiye niliyeandika mlangoni watu wajioshe ndani kwa sabuni. Nilikosea. Na mimi nilijiosha hivyo hivyo, na mimi natokwa na uchafu, unawasha, na sijawahi kulala na mwanaume yeyote. Kama ni kufukuzwa, tranka langu liko chini ya kitanda cha sita."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Matroni alifunika uso kwa daftari la mahudhurio.

"Yesu wangu. Bubu! Mbele ya mzazi wa kiume!"

Kabula akainua kichwa. "Baba, na mimi ni hivyo hivyo. Ulianza ute wa kawaida. Nikaosha ndiyo ukaharibika. Sijatembea na mtu."

Nje lori lilipiga honi ndefu. Baba alimtazama binti yake, akaona haya, akahamishia macho darini. Halafu akauliza dari:

"Rangi gani?"

"Mzee!" Matroni akasema.

"Nauliza rangi. Majivu? Njano?"

"Kama majivu, baba," Kabula akanong'ona. "Mwepesi."

"Una homa? Tumbo?"

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyefika mahali anapopajua. "Mama, mimi sijasoma," akamwambia Matroni. "Ila ng'ombe nimefuga tangu niko mdogo. Ng'ombe jike ute unamtoka, tunasema yuko sawa. Ute ukibadilika, namwita bwana mifugo. Sijawahi kumwita mchumba. Sijawahi kusema ng'ombe ana mwenendo." Akanigeukia. "Sasa bwana mifugo wa hawa watoto ni nani?"

"Ni Sista Tusajigwe, mzee. Yuko kituo cha afya."

"Twende."

Matroni alisema kuna taratibu. Baba alisema sawa, taratibu zije nyuma kwa miguu.

Kituoni Sista alimsalimia vizuri, kisha akamwonyesha benchi. "Baba, wewe kaa hapo. Ndani anaingia mwenye mwili." Akakaa. Kabula aliingia peke yake, nami niliingia peke yangu baadaye, na kila mmoja aliulizwa maswali yake mlango ukiwa umefungwa. Msiogope kile chumba. Alichukua uchafu kidogo kwa kijiti chenye pamba, ukaenda maabara, tukangoja. Kabula alikuwa na wale wezi walioingia baada ya walinzi kufagiliwa. Akapewa vidonge vya kumeza vya siku saba, avimalize hata harufu ikiisha siku ya tatu. Mimi nilikuwa na fangasi, nikapewa dawa ya kupaka na ya kumeza. Wote wawili tuliambiwa maneno yale yale: nje osha kwa maji tu, ndani usiguse, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, vaa pamba, anika juani.

"Juani tumekatazwa," nikasema.

Sista alivua miwani. "Jua nalo lina matroni?"

Kabula alimweleza baba yake mwenyewe, pale benchini, kile alichotaka kumweleza. Sikusikiliza. Niliona tu baba anasema, "Haya, ng'wanangu. Haya," na kupangusa tope la suruali ambalo lilikuwa limeshakauka.

Tuliporudi shuleni tranka bado lilikuwa nje. Akalibeba begani mpaka mlango wa hosteli, akalitua. Matroni alisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo humchukui?"

"Nitamchukua likizo."

Akaenda kwenye pikipiki. Nilidhani anaondoka, kumbe anafungua kamba. Akaikunjua, akapima kwa macho kutoka kwenye nguzo ya bomba mpaka mlingoti wa bendera, akafunga fundo la ng'ombe, lile ambalo likivutwa ndiyo linazidi kukaza. Kamba ikapita katikati ya jua, mbele ya madarasa ya wavulana, mbele ya barabara, mbele ya kila dereva anayeelekea mpakani.

"Yule muuguzi amesema juani," akamwambia Matroni. "Mimi nimepaona jua lilipo. Kwaheri, mama."

Usiku ule niliandika kwenye daftari langu: *kesho sitaweza.* Asubuhi nilikwenda na chupi yangu moja, ya bluu, imelegea mpira. Nikaianika katikati kabisa. Kabula akaleta mbili. Dirishani wavulana walipiga mluzi. Mmoja akaita, "Bubu, hiyo bendera ya nchi gani?" Na mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina langu nanong'ona, nilimjibu kwa sauti: "Ya kwetu! Simama wima!" Darasa lao lilimcheka yeye. Hadi saa nne kamba ilikuwa imejaa mpaka inapinda.

Matroni alitoka. Alitembea kutoka nguzoni mpaka mlingotini, akihesabu kwa midomo. Alipofika mwisho alirudi ndani, akatoka na bakuli la vibanio vya nguo. "Upepo ukizipeleka barabarani," akasema, "sitaki kuitwa ofisini kwa mkuu." Ile sheria haijafutwa mpaka leo, iko palepale ubaoni, na chini yake ndipo vibanio vinapokaa.

Lile jibu langu la sabuni nililibandua, nikaandika lingine: NILIKOSEA. ACHENI KUJIOSHA NDANI. Nikaweka jina langu, la kwanza na la pekee kuwahi kubandikwa kwenye mlango ule. Shangazi nilimwambia likizo. Hakusema na mimi siku mbili. Ya tatu aliniuliza, huku amenipa mgongo anachochea moto, kama yule Sista huwaona na watu wazima. Nikamwambia huwaona.

Sasa mnapokea kopo. Blanketi la ndani limechakaa, badilisheni. Usilolijua usilijibu, andika NGOJENI SISTA, au NENDENI KITUONI LEO kama ni yale ya homa, mimba au kulazimishwa. Kungoja hakujamuua mtu, sabuni yangu nusura imtoe Kabula shule. Mtaambiwa mna midomo michafu. Mtaambiwa mambo haya si ya kuandika. Mtakapoambiwa hivyo, tazameni nje: ile kamba ilikuja hapa kufunga tranka la msichana. Mwaka ujao Kabula anaingia kidato cha nne, na kila Jumamosi yeye ndiye wa kwanza kuanika.

Fundo likilegea, lifungeni lile la ng'ombe. Kabula anajua linavyofungwa.